Uzi: Vihusishi vya Kiingereza vinavyogeuza mshahara, dozi na mkataba (by, to, of, in, for...)

Kalamu_Nyekundu

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wale wanaosoma mikataba, matangazo ya kazi na maelekezo ya dawa kwa Kiingereza huku kichwani wanapiga hesabu kwa Kiswahili.

Siongelei makosa ambayo msikilizaji anakuelewa tu na maisha yanaendelea. Naongelea sentensi mbili zinazofanana neno kwa neno, kihusishi kimoja tu ndicho kimebadilika, zote mbili ni sahihi kisarufi, ila kila moja inasema lake. Hapo hata programu ya kusahihisha Kiingereza haikushtui, kwa sababu kosa halipo. Kuna maana nyingine tu.

Tuanze na chanzo cha tatizo. Kiswahili kimeipeleka sehemu kubwa ya kazi ya vihusishi kwenye mkia wa kitenzi. "Amehama Moshi" na "amehamia Moshi": mmoja kaondoka, mwingine kafika. Kimbia na kimbilia, tupa na tupia, lia na lilia, ni mtindo uleule. Hakuna Mswahili anayechanganya hama na hamia, maana amevimeza kama vitenzi viwili tangu utotoni. Mwingereza kazi hiyo anaiweka nje ya kitenzi: "move from", "move to". Sisi tukibaki na "kwa" tunaibebesha kila kitu: kwa basi, kwa kisu, kwa daktari, kwa wiki mbili, kwa Juma. Ukitaka kuitafsiri "kwa" moja kwa moja unarusha shilingi tu. Ni "by"? "With"? "For"? "To"? "At"?

Kwa hiyo acheni kukariri "at maana yake kwenye". Kariri kitenzi na kihusishi chake kama kitu kimoja, kama unavyoijua "hamia" bila kuichambua. Mfano mwepesi: "throw the bone to the dog" ni kumtupia mbwa mfupa ale, "throw the bone at the dog" ni kumpiga nao. "Shout to him", unapaza sauti akusikie kwa mbali. "Shout at him", unamfokea. "Run to me", nikimbilie. "Run at me", umenijia kwa shari. Ukiona "to" na "at" zinagombania kitenzi kimoja namna hii, "to" ina mpokeaji na "at" ina mlengwa.

Sasa tuje kwenye namba, ndiko pesa zinakopotelea.

Mshahara wako ni 500,000. Barua ikisema "increased by 600,000", utapokea 1,100,000. Ikisema "increased to 600,000", umeongezewa laki moja. Kwenye kushuka ni hivyohivyo: deni la 1,000,000 likiwa "reduced by 20%" linabaki 800,000, likiwa "reduced to 20%" linabaki 200,000. "By" inapima hatua uliyopiga, "to" inakuonyesha ulipotua.

Wanaojiandaa na IELTS Academic (mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza), ile kazi ya kwanza ya kuandika (dakika 20, maneno yasiyopungua 150) inakula alama za watu hapahapa. Shikeni hivi:

- Kitenzi na kiasi cha badiliko: "sales rose by 10%"
- Nomino na kiasi: "a rise of 10%"
- Nomino na kitu chenyewe: "a rise in sales"
- Mwanzo na mwisho: "rose from 10% to 15%"
- Kilipokaa: "stood at 15%", "peaked at 15%"

Na jihadharini na huo mfano wa kutoka asilimia 10 hadi 15. Hilo ni ongezeko la pointi 5 za asilimia, yaani "five percentage points". Ukiandika "rose by 5%" umesema imetoka 10 ikafika 10.5.

Wadau wenye fani zao wajazie.

---

NaulizaTu

Naweka kambi hapa. Mkuu, "by Friday" na "until Friday" zinanichanganya, kwangu zote ni "mpaka Ijumaa".

---

Kalamu_Nyekundu

Tatizo ni hilohilo, "mpaka" yetu inafanya kazi mbili. Jiulize kitendo kinatokea mara moja au kinaendelea. Kuwasilisha fomu ni mara moja, kabla ya kikomo: "submit the form by Friday". Kukaa, kusubiri, kufunga ni mambo ya kuendelea: "wait until Friday". "Submit until Friday" inasikika kama unatakiwa uwasilishe fomu mfululizo bila kupumzika.

Zote mbili zinaweza kukaa kwenye sentensi moja na maana ikageuka. "The office will be closed until Monday": sasa hivi imefungwa, Jumatatu unaenda. "The office will be closed by Monday": leo ipo wazi, wahi, Jumatatu utakuta kufuli.

Ndugu zake ni hawa. Leo ni tarehe 1. "I'll pay in 7 days", pesa itegemee tarehe 8. "Within 7 days", siku yoyote kabla hizo saba hazijaisha, hata kesho. "After 7 days", hujaahidiwa tarehe, umeambiwa tu kwamba kabla ya hapo usisumbue. Mdai mzuri anadai "within".

---

Mizani ya Haki

Nondo safi. Niongezee upande wa nyaraka za kisheria, maana huko vihusishi vimetungiwa hadi kifungu.

Tanzania Bara, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 60, inaeleza namna ya kuhesabu muda. Kipindi kikisemwa kinaanza "on" siku fulani, siku hiyo inahesabiwa. Kikisemwa kinahesabiwa "from" au "after" siku fulani, siku hiyo haihesabiwi. Kenya nako, sheria yao ya tafsiri ambayo ni Sura ya 2, kifungu cha 57, siku ya tukio inatolewa kwenye hesabu ya siku zinazoanzia kwenye tukio hilo.

Kwa vidole: siku 14 "from 1 March" zinaanza kuhesabiwa tarehe 2 na kuisha tarehe 15. Siku 14 "beginning on 1 March" zinaisha tarehe 14. Siku moja. Kwenye rufaa au zabuni siku moja inatosha kukuacha nje ya mlango.

Vifungu hivyo ni vya kusomea sheria zilizoandikwa, mkataba wenu binafsi unaweza kuweka hesabu yake. Ndiyo maana ukiandika mkataba usiache "between 1 and 5 March" ikining'inia. Andika "from 1 to 5 March, both dates inclusive" ugomvi uishe. Wamarekani wana njia yao fupi, "Monday through Friday", ambayo Ijumaa imo ndani bila ubishi.

Lingine ni kile ki-"the" kinachojipenyeza katikati ya vihusishi. "The officer in charge of the prisoners" ni afisa anayewasimamia wafungwa. "The prisoners in the charge of the officer" ni wafungwa walio chini yake. Ukiandika "the officer in the charge of the prisoners" umempindua, sasa yeye ndiye analindwa na wafungwa. "In possession of" ndivyo ilivyo pia: "he was in possession of the phone", simu alikuwa nayo yeye; "the phone was in the possession of the suspect", simu ilikuwa mikononi mwa mtuhumiwa. Bila "the" anatajwa kwanza mwenye kushika, ikiwepo "the" kinatajwa kwanza kinachoshikwa.

Na "in case of fire" maana yake moto ukitokea. "In the case of Dodoma" maana yake kwa upande wa Dodoma. Kwenye ripoti za ofisini watu wanaandika "in case of Dodoma", ukisoma unadhani Dodoma ni janga linalotarajiwa.

---

Pipeti

Huku maabara na duka la dawa kihusishi ni kipimo kabisa, si pambo.

"1 in 10" ni sehemu moja ndani ya jumla ya kumi, yaani unaongeza maji sehemu 9. "1 to 10" ni sehemu moja kwa maji sehemu 10, jumla 11. Chukua dawa ya kuulia vijidudu ya klorini yenye asilimia 5. Ukiichanganya 1 in 10 unapata asilimia 0.5, kiwango kinachotumika kusafishia palipomwagika damu na majimaji ya mgonjwa. Ukiichanganya 1 to 10 unapata kama 0.45. Hapo tofauti ni ndogo, lakini shuka kwenye 1 in 2 na 1 to 2 uone: ya kwanza ni nusu kwa nusu, ya pili ni theluthi. Kibaya ni kwamba lebo nyingi zinaandika 1:10 bila neno lolote, kila mtu anasoma anavyojua. Ukiandika maelekezo wewe, taja wazi: "1 part bleach plus 9 parts water".

"Dilute with 100 ml" na "dilute to 100 ml" nazo zinaua watu mtihani wa vitendo. Una ml 10 za dawa. "With" unamwaga maji ml 100 juu yake, jumla inafika 110. "To" unaongeza maji mpaka jumla iguse alama ya 100, yaani maji kama ml 90. Ukikosea hapo, kila hesabu inayofuata imeoza.

"Add A to B": A ndiyo inayosafiri, B imetulia kwenye chombo. "Add the acid to the water" ndiyo sahihi, taratibu huku unakoroga. Ukigeuza ukaimwagia asidi kali maji, joto linaachiliwa ghafla juu ya tone dogo la maji, linachemka na kurusha asidi usoni.

Ila kwangu namba moja kwa usaliti ni "substitute". "Substitute honey for sugar": asali inaingia, sukari inatoka. Mswahili anaisoma kwa "badilisha asali kwa sukari" na kufanya kinyume chake kabisa! "Replace sugar with honey" inasema jambo hilohilo kwa mpangilio uliogeuka. Mimi naona heri kuacha "substitute" ukatumia "replace", maana "substitute sugar with honey" nayo siku hizi inatumika sana na ndiyo inayozidi kuvuruga.

Dozi: "30 mg/kg per day in 3 divided doses" kwa mtoto wa kilo 20 ni mg 600 kwa siku nzima, unagawa mara tatu, kila mara mg 200. Asiyeiona hiyo "in 3 divided doses" anampa 600 asubuhi, 600 mchana, 600 usiku. Hiyo ni mara tatu ya kipimo. Ukikuta "per dose" ndipo namba hiyo inakuwa ya kila mara.

---

Dogo_Hesabu

Na kwenye hesabu wakuu: "divide 10 in half", unapata tano tano. "Divide 10 by half", unapata 20. "Divide 2 into 10" jibu ni 5, wala si kugawa mbili kwa kumi. Maswali ya maneno yanapenda sana hiyo ya mwisho.

---

Mhariri wa Zamu

Pipeti umetisha. Nakuja na vya habari, maana kurasa za mahakama zinachafuka kwa vihusishi kila wiki.

Fuata mnyororo huu bila kuruka: mtu ni "accused of theft", polisi wakimpeleka mahakamani ni "charged with theft", akipatikana na hatia ni "convicted of theft", anakuwa "sentenced to five years" na hiyo ni "for theft". Akiachiwa ni "acquitted of". "Charged for theft" inaleta harufu ya bili, kama vile wizi ni huduma aliyotozwa pesa. "Charged to" ni gharama kuandikwa kwenye akaunti ya mtu.

"Appeal" nayo ina njia tatu: "appeal to the High Court", unakokwenda, "appeal against the sentence", unachokipinga, "appeal for help", unachokiomba. Marekani wanakata kihusishi cha kati wanasema "appeal the sentence", usishangae.

Hospitali: "the doctor operated on the patient". Ukiiacha "on" ukaandika "the doctor operated the patient", daktari amemwendesha mgonjwa kama trekta. Barabarani: "he was knocked by a car" tumeizoea Afrika Mashariki, ila msomaji wa nje anaelewa gari limemgusa au kumgonga kidogo, aliyeangushwa ni "knocked down", aliyepitiwa juu na magurudumu ni "run over". Ukitaka usalama andika "hit by". Na "the bus ran into a lorry" ni kugongana, hakuna aliyekimbia kuingia ndani ya lori.

---

Mbishi wa Makumbusho

Mhariri, mnatunyanyasa. Kama Afrika Mashariki nzima inasema "knocked by" na "discuss about", si ndiyo Kiingereza chetu? Wahindi wana chao, Wanaijeria wana chao.

---

Mhariri wa Zamu

Hoja yako ina uzito na siipuuzi. Mimi natenganisha mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni vihusishi vya ziada visivyogeuza maana: "discuss about the budget", "emphasize on", "request for a loan" ikiwa "request" ni kitenzi. Hapo kila mtu anaelewa. Kwa mwalimu wa mtihani ni kosa, kwa mwajiri wa London ni dalili kwamba Kiingereza chako kina walakini, mtaani ruksa. Kumbuka tu kwamba nomino zake zinakidai kihusishi: "a discussion about", "emphasis on", "a request for". Huko ndiko tunakokitoa na kukibandika kwenye kitenzi.

Fungu la pili ni pale kihusishi kikiondoka au kuingia kinazaa maana nyingine. Huku hakuna cha Kiingereza chetu, utaeleweka vibaya. "Attend the meeting" ni kuhudhuria, "attend to the customer" ni kumhudumia. Mpokeaji wageni akiandika "I attended 40 customers" haijulikani alifanya nini nao. "I'll pick you at five" kwa msikilizaji wa nje ni nitakuchagua saa kumi na moja. Kukupitia ni "pick you up". "Enter the room", mguu mlangoni. "Enter into an agreement", mkataba.

---

Afisa Ajira

Kwa wanaotafuta kazi, someni tangazo kwa kihusishi. "Responsible to the Finance Manager for petty cash": "to" ni bosi wako, "for" ni mzigo wako. Kuna watu wanaingia kwenye usaili wanasema "I was responsible to three drivers" wakimaanisha waliwasimamia. Umejishusha mwenyewe, umesema madereva watatu walikuwa mabosi wako.

"Report to" ni bosi, "report on" ni mada unayoandikia ripoti. "Apply for" ni nafasi, "apply to" ni taasisi: "I applied to the university for a scholarship". "Work for" mwajiri, "work with" mwenzako, "work under" msimamizi, "work on" mradi. Ukisema "I worked for the new warehouse project" wengine wataelewa mradi ndio uliokuwa ukikulipa. Uzoefu: "experience in accounting" kwa fani, "experience with Excel" kwa kifaa au programu.

Na ile "I look forward to hear from you" mwisho wa barua, jamani. Kipimo chake ni rahisi: weka nomino baada ya "to". "I look forward to the interview" inakubali, basi hiyo "to" ni kihusishi na kitenzi kikifuata lazima kibebe -ing: "to hearing". Jaribu na "I want to the interview", inakataa, ndiyo maana ni "I want to hear". Kipimo hichohicho kinakutenganishia "I used to drive a lorry", zamani niliendesha, na "I am used to driving a lorry", nimezoea kuendesha. Kwenye usaili wa udereva hiyo si tofauti ndogo.

---

NaulizaTu

Mkuu Kalamu, nisaidie hizi za mtaani: in time/on time, in the end/at the end, on the way/in the way. Na kwa nini "on the bus" lakini "in the car"?

---

Kalamu_Nyekundu

Fasta fasta.

"On time": kwa saa iliyopangwa. Treni ya saa mbili imeondoka saa mbili. "In time": kabla mambo hayajaharibika. Zimamoto walifika "in time", hakuna aliyewapangia saa.

"At the end" inadai kitu chake: "at the end of the month", "of the road". "In the end" haidai chochote, ni "hatimaye", baada ya vuta nikuvute.

"I'm on the way" nipo njiani nakuja. "I'm in the way" nimekuzibia njia. Ukimtumia mteja "our driver is in the way" umemwambia dereva wenu ni kikwazo.

Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake kama abiria, "on": basi, treni, meli, ndege. Unachojikunja ukakaa, "in": gari dogo, teksi. Pikipiki, baiskeli na farasi unavikalia juu, kwa hiyo "on" tena. Bajaji? Unaingia unakaa, "in". Na "by car" ni namna ya usafiri, haikubali "my" katikati. "I came in my car". Ukisema "I stood by my car" ulisimama pembeni yake.

Simu pia: "he's on the phone", anaongea. "It's in the phone", kipo ndani yake, namba au picha. Picha yenyewe: mtu yupo "in the photo", doa la mafuta lipo "on the photo".

---

Dogo_Hesabu

Mkuu, kamusi gani inaonyesha haya? Yangu ukitafuta "for" inaleta maana ishirini.

---

Kalamu_Nyekundu

Usitafute kihusishi, fungua kitenzi au nomino. Kamusi za wanafunzi wa lugha, kama zile za Oxford na Cambridge zilizoandikiwa wasio wenyeji, zipo bure mtandaoni na zinaweka muundo kwa herufi nzito kabla ya mfano, kitu kama "substitute A for B". Andika muundo mzima kwenye daftari lako pamoja na mfano mmoja wenye namba au jina, ili uone nani anaingia na nani anatoka. Wanaojiandaa na KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya), lile zoezi la kujaza mapengo kwenye karatasi ya kwanza ya Kiingereza lina alama 10, na pengo la kihusishi mara nyingi jibu lake limekaa kwenye neno la kabla yake. Soma kushoto kwanza.

---

NaulizaTu

La mwisho naahidi. Mlinzi kaniachia ujumbe: "Your landlord asked after you." Nijiandae kulipa?

---

Mizani ya Haki

Ingekuwa "asked for you" alitaka muonane. "Asked about you" alikuwa anachunguza habari zako, na hapo ningehesabu risiti za kodi. "Asked after you" amekujulia hali tu. Mrudishie salamu.